Mbaruk wa Gasi: Mzee Aliyewasumbua Masultani wa Zanzibar Mpaka Risasi Zikamwishia

Vuta picha, msee. Ni Aprili 1896. Mzee mmoja wa Kimazrui anavuka mpaka wa kusini, anaacha upande wa Waingereza na kuingia upande wa Wajerumani. Nyuma yake kuna wake, watoto, watumwa, wapiganaji, kijiji kizima kikitembea. Anayemngoja ni gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann. Na kitu cha kwanza ambacho mzee na watu wake wanaitishwa ni bunduki. Zote chini.

Huyo mzee anaitwa Mbaruk bin Rashid bin Salim al-Mazrui. Watu wa Pwani wanamjua kama Mbaruk wa Gasi. Alikuwa amewatoa jasho masultani wa Zanzibar tangu babako wa babako hajazaliwa. Walimfukuza, akarudi. Walichoma ngome yake, akahepa msituni. Walimpa amani, akaichukua, kisha akaanza tena.

Sasa mbona huyu mtu mgumu hivi aliishia kusalimisha silaha kwa mzungu mwingine? Wengi husema alizidiwa nguvu. Ni kweli, lakini hiyo ni nusu ya risto. Nusu nyingine ni kitu kidogo kuliko kidole chako: risasi. Tuanze mwanzo.

Mtoto wa baba aliyechezewa ngware

Ukienda Fort Jesus utasikia jina Mazrui kila kona. Huo ndio ukoo wa Profesa Ali Mazrui, yule msomi mkubwa aliyefariki 2014. Lakini kabla ya vitabu, Mazrui walikuwa watawala. Karibu karne nzima walishika Mombasa kama magavana, kwanza kwa jina la Oman, halafu wakajiona wamekomaa na kufanya mambo yao bila kuuliza mtu.

Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman aliyehamia Zanzibar, hakufurahia. Alijaribu kuichukua Mombasa kwa vita, ikawa ngumu. Mwaka 1837 akatumia akili nyingine. Mazrui walikuwa wamegawanyika wao kwa wao, akaingilia hapo hapo. Kiongozi wao, Rashid bin Salim, na wazito wengine zaidi ya 20 wakakamatwa kwa hila, wakapakiwa kwenye meli na kupelekwa mbali, Bandar Abbas kwenye Ghuba. Hawakurudi tena.

Rashid bin Salim ndiye babake Mbaruk.

Waliobaki walitoroka Mombasa wakagawanyika. Wengine walienda kusini, Gasi, kule Kwale ambako siku hizi watalii huenda kutembea juu ya mbao katikati ya mikoko. Wengine walikuja kaskazini, Takaungu, hapa hapa Kilifi, kando ya ule mkono wa bahari ambao maji yake ni ya buluu mpaka unadhani ni filta ya simu.

Takaungu haikuwa kijiji cha kupumzika. Mazrui waliijenga ikawa mji wa biashara, na nafaka ilitoka mashamba ya nyuma ikapakiwa kwenye majahazi. Na hapa tusidanganyane: mashamba hayo yalilimwa na watumwa. Waliochoka kupigwa walitoroka bara, wakaanzisha makao yao ya watoro kama Fuladoyo, na Mazrui wa Takaungu waliwawinda huko. Kwa hivyo ukisoma risto ya Mbaruk usitarajie malaika. Alipigania uhuru wa ukoo wake. Uhuru wa watumwa wake haukuwa kwa hesabu.

Gobori, baruti na mdeki

Mbaruk alikua na hasira ya babake kifuani na macho kwa Zanzibar. Alipokamata uongozi wa Gasi, alianza mchezo alioucheza maisha yake yote. Anaasi, jeshi la sultani linakuja, anapanda bara mpaka Mwele, ngome yake yenye boma la miti katikati ya msitu, nyuma ya Shimba Hills. Jeshi linachoka, linarudi Zanzibar. Mazungumzo yanafanyika. Mbaruk anashuka tena Gasi kama vile hakuna kitu kimetokea.

Mbona ilifanya kazi? Kwa sababu pande zote mbili zilikuwa na bunduki za aina moja: gobori.

Gobori unaijaza kwa mdomo wa mtutu. Unamwaga baruti, unaweka kitambaa au makapi, unatia risasi, halafu unachukua mdeki na kushindilia mpaka vitulie. Kisha unatayarisha mtambo. Kuna zile za gumegume, ambazo jiwe hugonga chuma likatoa cheche. Na kuna zile zilizokuja baadaye, za fataki, kile kikofia kidogo kinacholipuka kikigongwa. Mtu aliyezoea alifyatua mara 2 au 3 kwa dakika. Mvua ikinyesha, pole sana.

Lakini gobori ilikuwa na baraka moja kubwa. Haikuwa na mapepe ya chakula. Risasi zimeisha? Yeyusha madini umwage nyingine. Madini yameisha? Vipande vya chuma vitafanya kazi. Hata kokoto. Mpiganaji wa msituni aliweza kujaza bunduki yake na vitu alivyookota njiani, mradi ana baruti tu. Na baruti ilijaa Pwani. Zanzibar wakati huo ilikuwa soko kubwa la silaha, na majeshi ya Ulaya yakibadilisha bunduki, zile kuukuu zilishushwa huku kwa maelfu.

Kwa hivyo Mbaruk angeweza kukaa msituni miezi na miezi. Hakuhitaji kuomba mtu.

Halafu ganda la shaba likaingia

Sasa nikupeleke Marekani kidogo, kwa sababu huko ndiko mambo yalianza kubadilika.

Risasi ya kisasa ina vitu vinne: ganda la shaba, fataki chini yake, baruti ndani, na kichwa cha risasi mbele. Vyote vimefungwa pamoja. Unaingiza kwa nyuma ya bunduki, unafyatua, unatoa ganda, unaingiza nyingine. Mvua haisumbui. Mdeki hauhitajiki.

Wamarekani wakaongeza kitu. Wakatengeneza bunduki yenye wenzo chini ya mkono, Henry na baadaye Winchester. Unasukuma wenzo chini, ganda la zamani linaruka nje. Unaurudisha juu, risasi mpya inaingia. Zaidi ya risasi 10 bila kujaza tena. Wasafiri wazungu walipita nazo huku kwetu: Henry Morton Stanley alipofika Zanzibar 1871 kumtafuta Livingstone, alikuwa na Henry moja na Winchester moja kwenye mizigo yake. Alipopitia tena Zanzibar 1887, safari ile ya kwenda kumwokoa Emin Pasha, ilikuwa na Winchester 50.

Ujanja wa Wamarekani uliendelea. Winchester ya 1873 ilitumia risasi fupi iliyoitwa 44-40, na miaka michache baadaye kampuni ya Colt ikatoa bastola inayokula risasi hiyo hiyo. Yaani msee wa mashambani alibeba mkanda mmoja tu, ukalisha bastola kiunoni na bunduki ndefu begani.

Na hapa ndipo kuna siri yenyewe. Ukifyatua, kichwa kinaenda, baruti inaungua, fataki inakufa. Lakini ganda la shaba linabaki, na ganda ndilo la bei. Kwa hivyo Mmarekani aliokota maganda yake, akaenda nyumbani, na kwa kifaa kidogo cha mkono ambacho Winchester wenyewe walimuuzia, akalijaza upya: fataki mpya, baruti mpya, kichwa kipya. Alikuwa na kiwanda chake juu ya meza ya jikoni.

Lakini cheki. Hata huyo hakuwa huru kabisa. Ganda angeweza kulitumia tena, kichwa angeweza kukimwaga mwenyewe. Fataki je? Hiyo ni dawa ya kulipuka iliyopangwa kiwandani, huwezi kuipika kwa sufuria. Na zile Henry za mwanzo zilikuwa mbaya zaidi, fataki yake ilifichwa kwenye ukingo wa ganda, kwa hivyo ukifyatua mara moja ganda lenyewe limekwisha. Bunduki ya kisasa ni kali, lakini kuna mtu mahali amekushikia mfereji. Akifunga, umebaki na rungu ya bei ghali.

Hilo ndilo tego lililomngoja Mbaruk.

Mathews anaingia na Snider

Barghash bin Said alipokuwa sultani, alimchukua afisa wa jeshi la majini la Uingereza, Lloyd Mathews, amjengee jeshi jipya. Hiyo ilikuwa 1877. Si tena kina mzee wa kulinda ngome na gobori zao. Hawa walifunzwa kwata, wakapewa bunduki za Snider, za kujazwa kwa nyuma, zinazoweza kufyatua kama mara 10 kwa dakika.

Mwaka 1882 watu wa Mbaruk walivamia Vanga, na Mathews akatumwa. Alipanda mpaka Mwele, akaizingira, akaichukua. Ngome iliyokuwa inawashinda watu miaka yote ikaanguka. Mbaruk mwenyewe? Alishapotea msituni. Kama kawaida yake, baada ya muda akapatana na sultani akarudi Gasi.

Lakini kwa ground vitu vilikuwa different sasa. Mara ya kwanza, upande mmoja ulikuwa na ganda la shaba na upande mwingine bado unashindilia na mdeki.

Mkataba wa Brussels

Halafu likaja jambo ambalo hakuna mtu wa Gasi wala Takaungu aliulizwa. Tarehe 2 Julai 1890, mataifa makubwa yalikaa Brussels, Ubelgiji, yakatia sahihi mkataba wa kupiga vita biashara ya watumwa. Ndani yake kulikuwa na sehemu ya silaha. Karibu Afrika yote ya kati, kuanzia nyuzi 20 kaskazini hadi nyuzi 22 kusini, ilipigwa marufuku kuingiziwa bunduki za kisasa na risasi zake. Kilichoruhusiwa kuuzwa kwa mwananchi, tena chini ya masharti, kilikuwa gumegume na baruti ya kawaida.

Soma hapo tena, pole pole. Serikali za kizungu ziliruhusiwa kuleta Snider, Martini-Henry na Maxim za askari wao. Wewe wa hapa, baki na jiwe na cheche.

Sababu waliyotoa haikuwa uongo mtupu. Bunduki zilichochea uwindaji wa watu, na Mazrui wenyewe hawakuwa wasafi kwa hilo. Lakini tazama matokeo. Ndani ya miaka michache, kila mtu aliyetaka kupinga ukoloni kuanzia Lamu hadi Vanga alikuwa na silaha ya zamani, na aliyepata ya kisasa kwa njia za panya hakuwa na pa kununua risasi akimaliza alizo nazo. Hata aokote kila ganda, fataki atatoa wapi?

Takaungu yawaka

Wakati huo Pwani yetu ilikuwa mikononi mwa kampuni. Imperial British East Africa Company ilikodishiwa ukanda huu na sultani, ikapata kibali cha malkia 1888. Mbaruk, mjanja wa siku nyingi, alikaa nao vizuri kwa muda na kula posho yao.

Februari 1895, Salim bin Khamis, liwali wa Takaungu, akafariki. Nani amrithi? Kwa mila ya Mazrui, aliyekuwa na umri na haki alikuwa mpwa wake, ambaye naye aliitwa Mbaruk bin Rashid. Ndio, majina sawa, usichanganyikiwe: huyu ni Mbaruk wa Takaungu, kijana. Yule wetu ni Mbaruk wa Gasi, mzee. Kampuni haikumtaka kijana. Ikamchagua Rashid, mtoto wa marehemu, kwa sababu alielekea upande wao.

Yaani mgeni mpangaji aliingia chumbani akaamua nani atakuwa baba wa nyumba. Ngori ikaanza.

Mbaruk kijana na ndugu yake Aziz wakatoka Takaungu wakaanza vita. Kilifi ikawaka. Waingereza walishusha askari na mabaharia, wakachoma ngome ya vijana hao. Mbaruk kijana akakimbilia Gasi, akabisha hodi kwa mzee. Arthur Hardinge, balozi mkuu wa Uingereza Zanzibar, akaitisha: mtoe.

Hapo ndipo maisha yote ya mzee yalipopimwa. Alikuwa na posho, alikuwa na heshima, alikuwa na umri wa kukaa barazani akinywa kahawa. Angemtoa kijana na maisha yaendelee. Lakini mtu ambaye babake alitolewa kwa hila na asirudi, angeanzaje kumtoa mtoto wa ukoo wake? Alikataa.

Miezi minane ya kuhesabu risasi

Agosti 1895 Admirali Harry Rawson alipanda Mwele na mabaharia, askari wa Zanzibar, mizinga na Maxim. Mwele ikaanguka mara nyingine. Mzee akahepa mara nyingine.

Kuanzia hapo vita vikawa vya piga-ukimbie. Aziz alisumbua kaskazini, upande wa Malindi. Mzee na watu wake walisumbua kusini. Baadhi ya Wagiriama, akiwemo mzito wao Ngonyo wa Marafa, waliwapa waasi chakula na maficho. Kwa miezi kadhaa barabara za Pwani hazikuwa salama kwa msafara wowote wa Mwingereza, na kampuni ilikuwa tayari imeondoka. Tangu Julai 1 1895 nchi ilikuwa chini ya serikali ya Uingereza moja kwa moja.

Fikiria hesabu za kila usiku kwenye kambi ya msituni katika vita vya namna hiyo. Baruti imebaki pembe ngapi? Nani ana fataki? Mwingereza akifyatua risasi 1,000, meli inaleta 1,000 nyingine. Ukifyatua wewe, umepungukiwa milele. Gobori inakubali kokoto, lakini kokoto haifiki mbali, na aliye mbele yako anafyatua mara 10 wakati wewe bado unatafuta mdeki. Ujasiri hauna shida. Shida ni stoo.

Mapema 1896 Waingereza wakaleta kikosi kizima kutoka Bombay. Wakaanza kuwafinya waasi kutoka kambi hadi kambi, bila kuwapa nafasi ya kupumua wala kulima. Aprili mzee akafika mpakani, na ndiyo ile picha tuliyoanza nayo. Mwezi uliofuata, Mei 1896, reli ya kwenda Uganda ikaanza kuwekwa Mombasa. Usidhani ni bahati tu. Njia ilikuwa imesafishwa.

Dar, na baadaye

Wajerumani walimpeleka Dar es Salaam. Huko aliishi miaka 14, mbali na Gasi, mbali na Takaungu, mbali na Mwele. Akafariki 1910. Babake alikufia ugenini, yeye pia.

Miaka mitatu baadaye, huku kwetu Kilifi, mama mmoja Mgiriama anayeitwa Mekatilili wa Menza akasimama na kuwaapisha watu wasiwape Waingereza vijana wa kazi. Mwaka 1914 Waingereza wakalipua Kaya Fungo kwa baruti na Wagiriama wakaingia vitani. Silaha yao? Upinde na mshale wenye sumu. Kichwa cha mshale unafua mwenyewe, sumu unachemsha mwenyewe, na mshale uliokosa unaokota na kuupaka upya. Walishindwa pia, wakatozwa faini nzito. Lakini Mkataba wa Brussels haukuwa na la kusema kuhusu mishale yao.

Kenya ilichukua muda mrefu sana kujifunza somo la Mbaruk. Kiwanda cha kwanza cha risasi cha nchi yetu kilijengwa Eldoret, kikaanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1990, yaani zaidi ya miaka 100 baada ya mzee kuweka bunduki chini.

Kwa hivyo siku ukishuka Takaungu kuogelea, kabla hujapiga selfie, tazama ule mji mdogo, misikiti yake na makaburi yake ya zamani. Kumbuka pia mashamba yaliyokuwa nyuma yake na watu waliolima bila malipo, maana nao wana risto yao. Mzee aliyetoka kwa ukoo huo hakushindwa kwa sababu alikuwa mwoga au mjinga. Alishindwa kwa sababu kitu alichokihitaji kuliko vyote kilitengenezwa kwa adui yake, na adui akaamua kutomuuzia.

Na hilo, wasee, halihusu bunduki peke yake. Jiulize tu: leo ni vitu vingapi tunavyotegemea ambavyo mfereji wake umeshikwa na mtu mwingine?